Jumamosi za Yeremia

Vijana wa kikosi mmeniomba niandike namna tulivyoitunza barabara, maana sasa nimerudisha koleo na funguo, nimekaa nyumbani Kasongo na kazi yangu ni kumsumbua mke wangu jikoni. Haya, nitaandika. Ila msitegemee nieleze nilipandishwa cheo lini wala nilikuwa nalipwa nini. Cheo kilikuja kwa kuchelewa, na mambo ya mshahara mnayajua wenyewe. Nitaandika juu ya kazi, na juu ya kosa moja nililolifanya kwa kalamu, kwa roho nzuri kabisa, na adhabu yake ikamwangukia mtu mwingine.

Siku yangu ya kwanza nilifika na viatu vya ngozi, vimepigwa rangi vinang'aa. Aliyenipokea ni Petro Kalonda, mtu mfupi mwenye mabega mapana, ameshika shoka. Aliangalia viatu, akaniangalia usoni, akarudi kwenye viatu.

"Weye ni mwalimu?"

"Hapana, mi ni kantonye mupya."

"Basi vua hivyo vitu. Mutaro hautaki kuona uso wako ndani yake."

Kantonye, kwa asiyejua, ni mtu aliyepewa kipande cha barabara ya udongo akitunze kwa mikono. Kipande chetu kiko upande wa Kabambare: mitaro pande zote mbili, daraja moja la magogo, na barieri moja ya mvua. Nilivua viatu nikaingia mtaroni, na kwa miaka miwili ya kwanza sikumbuki kama nilitoka.

Petro alinifundisha yote ninayoyajua. Alisema barabara iko ndani ya mtaro. Maji yakiwa na njia yao, na watu watakuwa na yao. Alinifundisha kugonga magogo ya daraja kwa kisogo cha shoka. Gogo zima linakujibu, bovu linanyamaza. Gogo likinyamaza usimsikilize dereva anayesema amepita jana na leo atapita. Alikuwa anagonga kila gogo mara tatu hata kama tulilitia wiki iliyopita, na nikicheka ananipa shoka niendelee mimi.

Barieri ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote, ingawa anayeitazama kwa mbali anaona mtu amekaa tu. Mnaijua: mti mrefu unaokatisha barabara, jiwe la uzito upande mmoja, mnyororo na kufuli upande wa pili. Mvua ikianza unafunga. Mvua ikikoma unahesabu saa nne kabla hujafungua, ili udongo ukauke. Pikipiki zinapita pembeni, hakuna neno. Lakini kamio moja, lori la mizigo, likipita kwenye tope, mtajaza mashimo yake mwezi mzima. Madereva wanajua hivyo, na bado watakutukana mama yako na bibi yako. Mvumilie tu, kufuli halisikii matusi.

Mvua haina siku ya mapumziko, kwa hiyo barieri nayo haikuwa nayo. Jumapili tulipiga kura kwa vijiti, mwenye kijiti kifupi anabaki. Petro alikuwa Mkatoliki wa kweli, kiongozi wa kwaya. Kila alipotoa kijiti kifupi alisimama barierini amevaa shati lake jeupe la misa, amekunja uso, anaimba zaburi peke yake kwa hasira. Madereva walimwogopa zaidi siku hiyo kuliko siku nyingine zote. Mimi ni Mwislamu wa hapa mjini, na siku yangu haikusumbua mtu. Ijumaa ninaacha koleo, ninakwenda kusali, ninarudi. Petro alikuwa ananitania: "Siku yenu ni fupi sana, Ramazani. Munamupimia Mungu kwa kijiko."

Nilipokuwa nimeshakuwa shefu wa kikosi, Petro mwenyewe aliniletea Yeremia nimwandike kazini. Yeremia alikuwa amemwoa Feza, binti wa pili wa Petro, na walikaa karibu na barabara. Ukoo wake ni wa Wamaza, watu wa shamba. Alikuwa kijana wa mgongo wa chuma na maneno machache, anayebeba gogo wakati wengine bado wanabishana ni nani ashike kichwa. Petro alijivuna naye mpaka akachosha. "Mukwe wangu" hivi, "mukwe wangu" vile.

Kisha Yeremia akaomba ruhusa, akaenda Kalemie kumwuguza kaka yake. Miezi mitatu baadaye alirudi, kaka amepona, na yeye ana Biblia iliyopigwa mistari kwa kalamu nyekundu. Asubuhi ya Jumatatu alisimama mbele yangu.

"Shefu, toka leo siku ya Posho sitafanya kazi. Posho ndiyo Sabato. Jua ya Ijumaa ikiingia, naacha. Jua ya Posho ikiingia, niko tena mutu wenu."

Posho ndiyo Jumamosi, kama wazee wetu walivyozoea kuiita. Petro, aliyekuwa ananoa shoka, alicheka mpaka akakohoa.

"Siku gani inaanza magaribi? Ramazani, umesikia? Siku inaanza magaribi!"

Nikasema, "Kwetu pia, Petro. Usiku unatangulia mchana."

Aliniangalia kama nimemwibia kuku. Nadhani hakunisamehe neno lile kwa muda mrefu.

Shida haikuwa jua kuingia au kutoka. Shida ni kwamba Jumamosi ni siku ya salongo. Wanakijiji wote wanatoka kwa kazi ya pamoja, na kikosi chetu kinatakiwa kuwa pale chote, kugawa makoleo na kuonyesha pa kuchimba. Kantonye asiyeonekana siku ya salongo ni mtu wa kushtakiwa. Na wanakijiji wakimkosa mmoja wetu, wiki inayofuata wanakosa kumi wa kwao.

Siku zile za kwanza tulisikia mahubiri mengi mtaroni kuliko ya kanisani. Petro anasema Bwana alifufuka Jumapili, na mitume walimega mkate siku ya kwanza ya juma, basi imekwisha. Yeremia anasema Mungu alipumzika siku ya saba, na Yesu mwenyewe alikuwa anaingia katika sinagogi siku ya Sabato, sasa ni nani aliyeibadilisha? Mara moja walifungua Biblia mbili ukurasa mmoja, pale wanawake walipotayarisha manukato ya kuupaka mwili wa Bwana. Yeremia akaweka kidole: "Ona, baba, walipumzika Sabato kwa amri. Hata kaburi ilingoja!" Petro naye akaweka kidole mstari wa chini yake: "Na siku gani walikuta kaburi iko wazi? Soma! Weye unasomaga nusu tu!"

Wakanigeukia mimi niamue, eti sina upande. Nikawaambia aliye na nguvu za kushika Biblia ana nguvu za kushika gogo, tuinue kwanza.

Nilikuwa nacheka. Sikuona kwamba Petro hachezi. Jumapili moja alikuwa anatangulia kwaya yake barabarani kwenda misa, wamama wamevaa vitenge vya sare, na pale kando ya njia Yeremia anapalilia mihogo yake, amevua shati. Yeremia akasimamisha jembe, akawasalimia vizuri wote. Mama mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Si yule ndiye mukwe wa kiongozi wetu?"

Siku hiyo Petro alisema hatakula tena nyumbani kwa Feza mpaka jembe lile lilale Jumapili. Na hakula. Feza alijaribu kila njia. Alikuwa analeta sahani barierini, bugali na sombe ya majani ya mihogo, amefunika kwa kitambaa safi. Petro anapokea kwa mikono miwili, anashukuru, anamwombea baraka binti yake, akishaondoka ananipa mimi. Wee! Nilinenepa kwa ugomvi wa Wakristo. Lakini Feza alijua, na nilikuwa namwona anafuta macho akirudi kwake.

Basi nikapanga kazi kwa akili zangu. Jumapili zote ashike Yeremia barieri, mvua inyeshe isinyeshe. Jumamosi zote tufanye sisi wengine na kipande chake tukigawane. Hakuna tena vijiti, Petro haikosi misa hata moja, Yeremia haikosi Sabato, mimi nina Ijumaa yangu. Kazi haikuwahi kwenda vizuri kama miezi ile. Petro alikubali mpango huo, lakini hakuzungumza na mkwe wake. Ujumbe wao ulipitia kwangu, hata wakiwa wameshika gogo moja.

Ikabaki kaye, yaani daftari, ya mahudhurio. Kila mtu na jina lake, kila siku na alama yake, na mwisho wa mwezi nakala inakwenda juu. Jumamosi ya kwanza nilikaa na kalamu mbele ya jina la Yeremia. Nikiandika "hayupo", watamshtaki. Nikaandika "mgonjwa". Ilikuwa rahisi sana. Jumamosi ya pili nikaandika tena. Na Jumapili, ambayo kwenye kaye haina majina, niliandika tu "barieri imeshikwa", bila kusema na nani. Niliona nimemfichia mtu wa watu siri yake, na yeye sikumwambia, kwa sababu nilijua angekataa. Zikafika Jumamosi arobaini na kitu.

Ndipo akaja enspekta kutoka mkoani, kwa pikipiki, tope mpaka kwenye miwani. Hakuwa mtu mbaya, tafadhali mkumbuke hilo. Aligonga magogo yetu mwenyewe, akasifu mitaro. Kisha akakaa kwenye kiti changu, akafungua kaye. Mimi nimesimama, Petro amesimama mlangoni.

"Huyu mutu anaugua kila Posho?"

"Ndiyo, bwana enspekta."

"Ugonjwa gani?"

"Tumbo," nikasema. Astaghfirullah. Mtu mzima, mwenye wajukuu.

Alitikisa kichwa kwa huruma, akatoa karatasi. Alisema ugonjwa usio na cheti cha daktari hauwezi kubaki hivihivi, lakini atasaidia: Yeremia atie sahihi kwamba alikuwa mgonjwa siku zile zote, yeye atatia muhuri, Jumamosi zote zitasamehewa. Yeremia akaitwa kutoka mtaroni, mikono imejaa udongo. Akaisoma karatasi ile polepole, neno kwa neno, na mimi ninamwomba kwa macho: tia sahihi, baba, tia sahihi uende.

"Hii si mimi," akasema.

"Si jina yako?"

"Jina ni yangu. Lakini sikuugua hata siku moja. Posho nilikuwa nasali."

"Kwa hiyo shefu yako amedanganya?"

Yeremia aliiweka karatasi mezani kwa taratibu, asiichafue.

"Bwana, amri ya ine inanikataza kazi siku ya Sabato. Amri ya tisa inanikataza kushuhudia uongo. Siwezi kushika moja na kuvunja ingine."

Pale mlangoni Petro akanong'ona, hakuweza kujizuia: "Ya tatu. Na ya nane." Maana hata amri za Mungu hawazihesabu sawa.

Enspekta akanigeukia. "Na Jumapili barieri inashikwa na nani?"

"Na yeye."

"Kila Jumapili?"

"Kila Jumapili, bwana."

Akavua miwani.

"Juu ya nini hukuandika hivyo? 'Posho hayuko, Jumapili iko.' Ningetia muhuri nikaenda kula. Kuna vikosi vingine wanafanya vile, na hakuna mutu anauliza. Lakini sasa kaye yako inasema mugonjwa, yeye anasema muzima. Nikitia muhuri hapa, uongo inakuwa yangu."

Basi siku zote zile arobaini na kitu zikawa za kukosekana bila sababu, na sheria ya kukosekana bila sababu mnaijua. Akapiga mstari juu ya jina la Yeremia. Mimi nikapewa barua ya onyo, ukurasa mmoja na nusu. Niliipokea kwa mikono miwili kama mjinga.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Nilisali, nikapanda pikipiki mpaka Kabambare kumfuata enspekta nimweleze kwamba aliyestahili mstari ni mimi. Alikuwa ameshaondoka. Niliacha barua, nikaandika nyingine mbili baadaye. Hazikujibiwa mpaka leo. Yeremia alikuja kurudi kwenye orodha miaka mitatu baadaye, Petro alipostaafu nafasi ikawa wazi, kwa mlango wa kawaida na si kwa barua zangu.

Jumamosi jioni nilikwenda kwake kuomba msamaha. Nilimkuta amekaa uani na Biblia, watoto wanne wamemzunguka, Feza pembeni. Nilianza, "Yeremia, mambo ya kaye..."

Akainua mkono. "Shefu, jua haijaingia. Leo siongei ya kazi. Karibu, ukae."

Nikakaa. Ni Feza aliyesema. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Papa Ramazani, si mungeandika tu kweli? Bwana yangu hakuwaomba mumufiche. Sasa watoto nitawaambia nini? Baba alifutwa juu ya kusali, ao juu ya kuugua ugonjwa hakuugua?"

Nimepigwa matusi na madereva miaka yote, hakuna lililonichoma kama swali lile la mwanamke aliyekuwa akinilisha.

Jumapili mvua ilianza asubuhi. Nikavaa koti la plastiki nikaenda barierini mwenyewe, maana wengine walikuwa misani na mtu wa Jumapili hatukuwa naye tena. Njiani nilikuwa nahesabu ni kamio ngapi zitakuwa zimeshapita. Nilipofika, mti umeshuka, kufuli limefungwa. Kamio moja la mafuta ya mawese limesimama, dereva anatukana, na mbele yake Yeremia amejifunika karatasi ya plastiki, ananyeshewa. Ufunguo mmoja ulikuwa bado kwake. Kwa haya yangu nilisahau kumdai.

"Yeremia, unafanya nini? Jina yako haiko tena."

"Jina haiko, shefu. Mvua iko." Akafuta uso. "Na baba mukwe iko misa. Nani angefunga?"

Nilimwambia pale pale, mbele ya dereva, kwamba nimemkosea na anisamehe. Akasema amesikia.

Tulikuwa tumesimama hivyo Petro alipotokea, ametoka misani, suruali ameikunja, viatu mkononi, shati jeupe limemgandia mwilini. Alisimama mbele ya mkwe wake. Ilikuwa karibu mwaka hawajaongea.

"Nani amekuweka hapa?"

"Hakuna mutu, baba."

"Juu ya nini umekuja?"

"Mulikuwa munasali."

Petro aliangalia barieri. Akaangalia dereva, dereva akanyamaza. Kisha akanyoosha mkono.

"Lete ufunguo."

"Baba, leo ni siku yenu."

"Najua leo ni siku gani! Ningekufundisha, kama ungekuwa na masikio. Lete." Akauchukua. "Nenda nyumbani. Mwambie Feza aweke sufuria kwa moto. Nikimaliza hapa, nakuja kula."

Yeremia hakuondoka mara moja. Kisha akavua plastiki yake, akamvisha mzee mabegani, akaenda, anatembea haraka, mara anakimbia.

Petro akakaa juu ya jiwe la barieri. Hajawahi, tangu nimjue, kugusa kazi siku ya Jumapili ila kwa kijiti kifupi. Nikamwambia aende, nitashika mimi, ndiyo maana nimekuja.

"Kaa kimya, Ramazani," akasema. "Kesho ukifungua ile kaye yako, uandike: Jumapili, Petro Kalonda alikuwa kazini. Jina lote. Uandike pia nani alifunga kabla sijafika."

"Hata kama hayuko kwenye orodha?"

"Si alikuwa hapa?"

Nikaandika.